Injinia wa Reli na Neno la Serikali

Mtu afikaye Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, huyaona makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji. Na juu ya mto Ruvuma, kule Mtambaswala, tangu mwaka 2010 liko Daraja la Umoja. Makaburi hayo na daraja hilo vyatukumbusha kwamba vita vikiisha, kazi ya kujenga ndiyo huanza. Basi yafaa tuyapime maisha ya mtu aliyesifiwa sana kwa kazi hiyo.

Percy Girouard alizaliwa Montreal, nchi ya Kanada, mwaka 1867. Alisoma katika chuo cha jeshi cha Kingston, akafanya kazi ya reli kwao, na mwaka 1888 akaingia kikosi cha mainjinia cha jeshi la Uingereza. Kitchener alipokwenda kuiteka Sudani, Girouard alitandika reli kukata jangwa la Nubia, toka Wadi Halfa hata Abu Hamed, karibu kilometa 370, na kazi ilikwisha mwaka 1897. Mataruma yalibebwa na wakulima wa Misri, wafungwa na mateka wa vita. Sifa alipewa yeye. Majina yao hayakutajwa. Mwaka uliofuata jeshi lilifika Omdurman, na maelfu ya Wasudani wakauawa kwa siku moja.

Vita vilipozuka Afrika ya Kusini mwaka 1899, aliwekwa kuwa mkuu wa reli za jeshi. Makaburu walilipua madaraja. Watu wake wakapitisha njia ya muda kando ya daraja lililoanguka, kisha wakalisimamisha lenyewe. Amani ilipopatikana mwaka 1902, alibaki hata 1904 akizirudisha reli za Transvaal na Orange katika kazi ya kuchukua abiria na mizigo. Mwaka 1907 alipelekwa Nigeria ya Kaskazini, na huko ikaanzishwa reli ya toka Baro kwenda Kano.

Mwaka 1909 akawa Gavana wa nchi iitwayo leo Kenya, na hapo ndipo alipojaribiwa kweli. Kwa mkataba wa 1904, Wamasai walikuwa wameahidiwa Laikipia maadamu kabila lao liko duniani. Lakini walowezi waliitamani nchi ile. Mwaka 1911, baada ya kufa kwa Olonana, Girouard alifanya mkataba mwingine wa kuwahamisha Wamasai kusini, na katika safari ile ng'ombe wengi walikufa. Mwaka 1912 alijiuzulu, akiwa amekosana na wakubwa wake wa London juu ya jambo hilo. Mwaka 1913 Wamasai walishtaki, lakini mahakama ikajibu kwamba mikataba ya namna ile haikuwa katika uwezo wake kuihukumu. Girouard alifariki London mwaka 1932.

Hatumnyimi haki yake. Alikuwa fundi hodari, na reli alizotandika ziliwafaa hata watu ambao hakuwafikiria. Ila daraja lililolipuliwa alijua kulisimamisha kwa siku chache. Neno la serikali alilolivunja Laikipia halikupata fundi. Tena Wamasai hawakuwa na vita na serikali ile. Walikuwa na amani nayo, na amani yenyewe ndiyo iliyobomolewa. Yapasa kila ajengaye baada ya vita aulize kwanza: nani ataketi katika nchi hii kazi yangu itakapokwisha?