Horst Feistel: Mjerumani aliyeshukiwa, kisha akakabidhiwa siri za Marekani

UNAPOANDIKA nywila kwenye simu au laptopu, umewahi kujiuliza kama husafiri yenyewe hadi upande wa pili? Ikisafiri ilivyo, mdukuzi atainasa njiani na mchezo utaishia hapo. Mtu ambaye kazi yake ilisaidia sana kuziba mwanya huo ni Horst Feistel.

Feistel alizaliwa jijini Berlin, Ujerumani, Januari 30, 1915. Mwaka wa 1934, Hitler akiwa tayari mamlakani, kijana huyu alihamia Marekani. Alisomea fizikia MIT, kisha Harvard. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alitazamwa kama Mjerumani tu, akawekewa kizuizi cha nyumbani.

Sasa sikiza hii. Januari 31, 1944 alipewa uraia wa Marekani. Kesho yake tu, akaruhusiwa kushughulikia siri za kijeshi! Mtu aliyeshukiwa kuwa adui akaanza utafiti wa mitambo ya kutofautisha ndege rafiki na ndege adui.

Ukiitumia hesabu ya siri, mitambo ya aina hiyo hufanya kazi hivi: kituo kinarusha swali, ndege inalichanganya na ufunguo wa siri, kisha inarudisha jibu. Jibu likilingana, huyo ni mwenzetu. Adui akilinasa jibu la leo halitamfaa, maana kesho swali ni jingine.

Shida ni kupata hesabu ambayo adui hawezi kuifumbua hata akiona maswali na majibu mengi. Jibu la Feistel lilikomaa baadaye akiwa mtafiti wa IBM, ambako mfumo wake uliitwa Lucifer. Unagawa data mara mbili, nusu moja inabadilishwa kwa kutumia nyingine, zinapishana, unarudia tena na tena. Kufungua ni hatua zile zile, ila funguo zinatumika kinyumenyume. Simpo, lakini moto!

Kutokana na Lucifer, mfumo wa DES ukazaliwa na kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka wa 1977. Ila ufunguo wake ulipunguzwa hadi biti 56, shirika la ujasusi la NSA likishikilia kwamba zinatosha. Wataalamu walilalamika hapo hapo.

Sasa muulize mzazi wako kuhusu intaneti ya modemu, ile iliyopiga simu na kutoa kelele za ajabu. Programu za Windows za kuunganisha kwa simu zilitumia mbinu iitwayo MS-CHAP. Seva ilituma namba ya kubahatisha. Kompyuta yako ilisaga nywila, ikatoa funguo tatu za DES, ikaifunga namba hiyo mara tatu na kurudisha jibu. Nywila yenyewe haikupita kwenye waya.

Feistel alifariki Novemba 1990, kabla ya malalamiko yale kuthibitika. Mwaka wa 1998, shirika la EFF lilitengeneza mashine iliyojaribu funguo za DES hadi ikapata ule sahihi chini ya siku tatu. Mwaka wa 2012, watafiti wakaonyesha kuwa hata toleo la pili la MS-CHAP linaweza kufunguliwa kwa siku moja. Ramani ya Feistel haikuanguka. Ufunguo ndio uliokuwa mfupi.

Ramani hiyo iliendelea kuishi. KASUMI, mfumo uliofunga mawasiliano ya 3G, umejengwa kwa muundo wake. Na kadi yako ya simu bado hujitambulisha kwa mtandao kwa swali na jibu, bila kutaja siri yake.

Kwa hivyo ukishawishika kutumia nywila fupi ya jina lako na 123, kumbuka DES. Kufuli linaweza kuwa kali ajabu, lakini ufunguo ukiwa mfupi, mwizi anahitaji subira tu.