George Grenfell na mashua Peace



Katika toleo hili ninataka kuwaelezea maisha ya mtu aliyejenga mashua juu ya udongo mkavu kwa sababu ya imani yake. Hapana Nuhu, Nuhu tunamjua tangu shule ya siku ya Mungu. Ni George Grenfell, misioneri wa Kibatisti. Tena habari yake si ya mbali na sisi. Maji ya Lualaba yanayopita bwawa la Nzilo, hapa karibu na Kolwezi, yanashuka mpaka Kisangani, na kule mto unachukua jina la Kongo. Juu ya maji hayo hayo Grenfell alimaliza miaka yake.

Alizaliwa tarehe 21 Agosti 1849 kule Sancreed, Uingereza, lakini alikomalia Birmingham, mji wa viwanda. Akiwa kijana bado alifanya kazi katika nyumba ya biashara ya vyuma na mashini, na mtaona kama kazi ile haikuwa ya bure. Baadaye akasoma neno la Mungu ku Bristol, na mwaka 1875 akaenda Kamerun. Mke wake wa kwanza alikufa kule hata mwaka haujaisha. Mke wa pili alikuwa Rose Patience Edgerley, mwanamke mweusi wa kutoka Jamaika. Mama huyu alisafiri mingi pamoja naye, na ninaona anastahili kutajwa kuliko anavyotajwa.

Mwaka 1878 Grenfell na mwenzake Thomas Comber wakafika Kongo. Shida waliyoikuta ndiyo hii: mto mkubwa unapitika vizuri juu ya Stanley Pool, pale kwenye Kinshasa ya leo, lakini chini yake, mpaka karibu na bahari, kuko mawe na maporomoko tu. Mashua haiwezi kupanda. Mwenye kutaka kuhubiri ndani ya inchi, lazima aibebe mashua juu ya kichwa.

Njo walivyofanya. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, ambaye mwenyewe aliishi sawa maskini, alitoa feza. Mwaka 1882 mashua ya mvuke ikatengenezwa katika kiwanda cha Thornycroft, karibu na London, na Grenfell akasimama pale kuangalia kila kitu. Urefu wake ulikuwa karibu metre 21, na bila mizigo ilizama ndani ya maji santimeta 30 tu, kusudi ipite juu ya michanga. Wakaipa jina Peace, maana yake Amani. Wakaijaribu juu ya mto Thames, kisha wakaifungua yote, chuma kwa chuma, na kuifunga katika mizigo karibu 800, kila mmoja kama kilo 30.

Sisi tukitumwa kupeleka viti kanisani tunalalamika. Watu wale walibeba vyuma vile zaidi ya kilometa 300, wakipanda milima na kuvuka mito, sababu reli ya Matadi ilimalizika mwaka 1898 tu. Vitabu vinamsifu Grenfell, na ni haki. Lakini juu ya vichwa vilivyobeba Peace, havisemi mingi.

Sasa mizigo imefika, lakini nani ataunganisha? Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza walikufa kwa homa, mmoja nyuma ya mwengine, mbele ya kuanza kazi. Grenfell alichoka kungojea makaburi mengine. Akaomba Mungu, akashika nyundo yeye mwenyewe, pamoja na wasaidizi Waafrika. Wenzetu wa sekisio ya mekanike wafikiri kidogo: hapana fundi mkubwa, na chuma kimoja kikipotea, kingine kinatoka Ulaya. Lakini yale aliyoyajua tangu Birmingham yakamsaidia. Tarehe 13 Juni 1884 Peace ikaingia majini. Ilipoanza kwenda, watu wake wakapiga kelele kwamba iko hai.

Katika miaka 1884 mpaka 1886 ilizunguka mito yetu mingi. Iliufuata Ubangi mpaka maporomoko ya Zongo, ikaingia Kasai na mito mingine. Safari moja Rose alikuwa ndani pamoja na mtoto wao mdogo, na kule mishale ilitupwa. Mwezi wa Desemba 1884 ilifika kwenye maporomoko ya Kisangani. Njiani Grenfell aliona vijiji vilivyochomwa na watu wa Tippu Tip, waliotafuta watumwa na pembe. Watu wale walisema Kiswahili, luga hii ninayoandika.

Mwaka 1887 wakubwa wa jiografia kule London wakampa medali ya zahabu kwa sababu ya karata zake. Hapa njo kuna jambo linalonisumbua. Karata za mtu wa amani zilionyesha njia kwa wengine pia. Mwaka 1890 serikali ya Léopold II ilikamata Peace yenyewe kwa kazi zake. Grenfell akalia sana, mashua ikarudishwa, lakini hakumwacha mfalme. Alikubali kupima mpaka wa Kongo na Angola upande wa Lunda, na nishani za mfalme akazipokea. Mwaka 1896 alitiwa katika komisioni ya kulinda wenyeji, na komisioni ile haikuwa na nguvu, wakati watu waliumizwa kwa ajili ya kauchu. Mimi ninaona alichelewa kufungua macho. Alipoyafungua, alivunjika moyo kweli, na serikali ilikuwa ikimnyima viwanja vya kujenga misioni mbele zaidi.

Pattie, binti yake mkubwa, alikuja kumsaidia kazi, akafa mwaka 1899. Baba hakurudi kwao. Mwaka 1906 homa ikamshika upande wa juu wa mto, na wanafunzi wake, vijana aliowafundisha kushika usukani, wakamtelemsha na Peace mpaka Basoko kutafuta munganga. Alikufa kule tarehe 1 Julai, akiwa na miaka 56. Walimzika Basoko, kisha wakarudisha mashua wao wenyewe.