Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyetafuta umeme mtoni

MICHAEL Faraday anakumbukwa kote duniani kwa kugundua kanuni inayowezesha mitambo kuzalisha umeme. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba gwiji huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa utafiti kuhusu sumaku na vitu vinavyotiririka, na kwamba jaribio lake kubwa katika uwanja huo liliambulia patupu.

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791 kusini mwa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi aliyedhoofishwa na maradhi, na familia iliishi kwa dhiki. Elimu yake ya shuleni haikupita kusoma, kuandika na hesabu za kimsingi. Alipotimu umri wa miaka 14 alianza kujifunza kazi kwa mjalidi wa vitabu, George Riebau, alikokaa miaka saba akivisoma vitabu alivyopewa kuvijalidi.

Mwaka wa 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Aliandika aliyoyasikia, akayajalidi na kumpelekea msomi huyo. Machi 1813 aliajiriwa huko kama msaidizi wa maabara.

Mwaka wa 1821 Faraday alitumbukiza ncha ya waya wenye umeme katika chombo cha zebaki chenye sumaku, nao waya ukaizunguka sumaku hiyo. Miaka kumi baadaye, Agosti 29, 1831, alibaini kwamba nguvu za sumaku zinapobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu.

Hapo ndipo alipoanza kuwaza kuhusu mito. Iwapo shaba inayopita penye sumaku huzalisha umeme, maji yanayotiririka katika uga wa sumaku wa dunia yangepaswa kufanya vivyo hivyo. Januari 1832 alitandaza waya wa shaba wa takriban mita 290 kwenye daraja la Waterloo na kutumbukiza mabamba ya metali yaliyounganishwa nao katika Mto Thames. Mshale wa kipima umeme uliyumba, lakini bila mpangilio. Faraday alikiri kwamba miyumbo hiyo ilitokana na mambo mengine, wala si mwendo wa maji.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Faraday hakuitupa rai yake, na mwaka wa 1851 mhandisi Charlton Wollaston aliona, katika waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, umeme uliofuata kupwa na kujaa kwa maji. Rai ilikuwa sahihi. Vifaa vya 1832 ndivyo vilivyokuwa hafifu.

Faraday, aliyekataa kupewa cheo cha heshima cha 'Sir', alifariki Agosti 25, 1867 na kuzikwa Highgate, London.

Mwaka wa 1937 Julius Hartmann wa Denmark alichapisha utafiti kuhusu zebaki inayotiririka katika uga wa sumaku. Umeme unaozaliwa ndani ya kioevu kama hicho huleta nguvu inayokipunguzia kasi, na viwanda vya chuma hutumia nguvu hiyo kutuliza chuma kilichoyeyushwa. Nazo kampuni za maji hufunga kwenye mabomba mita zenye sumaku: kadiri maji yanavyokwenda kasi, ndivyo umeme unavyoongezeka na kuonyesha kiasi kinachopita. Ndio umeme ule ule ambao Faraday aliukosa darajani.