Rais Aliyezikwa Mawaziri Wake Wakiwa Nje

Mwaka uliopita alifariki jirani yetu Mkristo, mtu tuliyempelekea futari kila Ramadhani naye akatutazama tulipougua. Siku ya maziko nilifika hadi mlango wa kanisa, nikabaki nje chini ya mwarobaini. Hapo nilimkumbuka marehemu Douglas Hyde, na leo napenda kuwasimulia wasomaji habari zake.

Hyde alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Roscommon, Ireland, nchi ya Wakatoliki wengi. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti, dhehebu la wachache ambalo mabwana wengi wa mashamba walikuwa wafuasi wake. Lakini kijana huyu alipenda kuketi na wazee maskini wa Kikatoliki. Kwao alijifunza Kiairishi, lugha ya wenyeji iliyokuwa ikififia kwa kudharauliwa, akakusanya nyimbo na ngano zao. Mwaka 1893 alishiriki kuanzisha chama cha kuihuisha lugha hiyo, akakiongoza hadi 1915, alipojiuzulu kwa kuchukia kiingizwe katika siasa.

Katiba ya Ireland ya mwaka 1937 ililipa Kanisa Katoliki daraja maalumu. Hata hivyo, mwaka 1938 vyama vikubwa vilikubaliana kwamba Rais wa kwanza awe Hyde, Mprotestanti. Alishika kazi hiyo hadi 1945.

Alifariki tarehe 12 Julai, 1949. Ibada ya maziko ilifanyika Dublin, katika kanisa kuu la Kiprotestanti la St Patrick. Siku hizo Kanisa Katoliki liliwakataza waumini wake kuhudhuria ibada za Waprotestanti. Basi mawaziri Wakatoliki walikaa ndani ya motokaa zao nje, wakingoja jeneza litoke. Waziri wa Afya, Noel Browne, naye Mkatoliki, aliingia. Katazo lile lililegezwa baada ya Mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, lakini aibu ya siku ile ingali ikisimuliwa.

Sisi Waislamu tuna mipaka yetu, na wa kuifafanua ni masheikh, si mimi. Ila najua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Nami jeneza la jirani lilipotoka nilisimama, nikalifuata hadi makaburini, kisha nikaenda kuwapa pole wafiwa. Mlango wa kanisa sikuuvuka; mlango wa nyumba yake sikuona kisa cha kuacha kuuvuka.