Pat Moss: Dada aliyewapeleka puta wanaume, hadi Safari ya 1962

SHABIKI aliyewahi kwenda Ruangwa kuiona Namungo, kisha akapitia Mnero kuelekea Nachingwea mvua zikiwa zimeshika kasi, anajua barabara ya udongo inavyotesa. Gari linateleza, dereva anapambana na usukani, watu wanashuka kusukuma, na kila mtu anaomba wafike kabla ya giza.

Safari Rally ya zamani ilikuwa hivyo hivyo kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilipangwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, ili magari yakutane na vumbi na tope. Ukichelewa kufika kwenye kituo cha ukaguzi, unakatwa pointi.

Pasaka ya 1962, Tanganyika ikiwa na miezi minne tu ya uhuru, bingwa alikuwa Tommy Fjastad na Volkswagen yake. Nafasi ya tatu kwa jumla, si kwa upande wa wanawake peke yao, ilikwenda kwa akina dada wawili wa Uingereza: Pat Moss kwenye usukani na Ann Riley akisoma ramani.

Gari lenyewe lilikuwa Saab 96, dogo, injini cc 841, ya kuchanganya oili na petroli kama pikipiki za kizamani. Wababe wenye magari makubwa waliachwa nyuma.

Pat hakuokota bahati hiyo njiani. Alizaliwa Desemba 27, 1934, kwenye familia ya magari hasa. Baba yake, Alfred, alikuwa daktari wa meno aliyewahi kukimbia Indianapolis, Marekani, mwaka 1924. Mama yake, Aileen, naye alishindana kwa magari. Kaka yake ni Stirling Moss, yule aliyemaliza wa pili kwenye ubingwa wa dunia wa Formula One miaka minne mfululizo, 1955 hadi 1958.

Stirling ndiye aliyemfundisha dada yake kuendesha, akiwa na miaka 11 tu. Lakini binti mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa farasi. Alikuwa mkali wa mchezo wa kurusha farasi viunzi, na jina lake lilianza kusikika huko.

Kwenye rali aliingia mwaka 1953 kwa mlango wa nyuma. Meneja wa Stirling, Ken Gregory, alimchukua kama msoma ramani. Pat akaona kukaa kiti cha pembeni ni sawa na kusugua benchi. Mwaka uliofuata akanunua gari lake, Triumph TR2, akaanza kushindana mwenyewe.

Mwaka 1955 aliwaomba Triumph wamlipie gharama ili akimbie rali kubwa ya Uingereza na gari hilo. Wakamtosa. MG wakampa gari na kulipa gharama. Waliomkataa walikuja kumwona akishinda na magari ya watu wengine.

Rali za wakati ule zilikuwa na kombe la wanawake, na kampuni nyingi zilimwajiri dereva wa kike kwa ajili ya kombe hilo tu. Akilipata, kazi imeisha, hata kama kwa jumla amekuwa wa arobaini. Pat alilichukua mara nyingi, akawa bingwa wa wanawake wa Ulaya mara tano: 1958, 1960, 1962, 1964 na 1965. Lakini hakukubali kipimo chake kiishie hapo. Barabara ilikuwa moja, saa moja, na tope moja kwa wote, naye alitaka kuhesabiwa na wote.

Mwaka 1958 akamaliza wa nne kwenye rali ya Uingereza na Morris Minor, gari la kwendea sokoni. Mwaka 1960 akamaliza ubishi. Akiwa na Ann, ambaye wakati huo aliitwa Wisdom kabla ya kuolewa, alishinda Liège-Rome-Liège na Austin-Healey 3000. Ile ilikuwa kipute cha siku nne milimani, usingizi wa kuibia, magari yakifa njiani moja baada ya jingine. Alishinda jumla, wanaume wote nyuma yake.

Mwaka 1962 ulimpa raha na machungu pamoja. Alishinda Rali ya Tulip ya Uholanzi na Mini Cooper, gari ambalo lilikuwa halijawahi kushinda rali ya kimataifa. Lakini Pasaka ile ile ya Safari, Jumatatu ya Aprili 23, Stirling alipata ajali mbaya Goodwood, Uingereza. Alizimia kwa mwezi mzima, na hakurudi tena kwenye Formula One. Pat aliendelea kushika usukani.

Mwaka 1963 aliolewa na Erik Carlsson, Mswidi mkali wa Saab. Huyo naye Safari ilimnyoosha: Pasaka ya mwaka huo alikuwa akiongoza, akagonga mhanga gizani, ubingwa ukaota mbawa. Nyumba ikawa ya madereva wawili, na mwaka uliofuata Pat naye akahamia Saab. Mwaka 1968 alishinda rali ya Sestriere, Italia, na Lancia.

Alitundika usukani mwaka 1974. Mwaka huo huo, Mkenya Orie Rogo Manduli aliingia Safari na kuweka historia ya kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushindana humo. Miaka saba baadaye, Mfaransa Michèle Mouton akashinda Sanremo, raundi ya ubingwa wa dunia, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kabla yake.

Pat Moss alifariki dunia Oktoba 14, 2008, akiwa na miaka 73. Kwenye orodha ya Safari ya 1962 jina lake bado liko nambari tatu, katikati ya wanaume.