Clark Ashton Smith, mkata kuni aliyepeleka uchawi katika siku za mwisho za dunia

Katika michezo ya kubuni, ambamo marafiki huzunguka meza, hutupa dadu na kujifanya mashujaa au wachawi, kuna dunia moja inayorudi mara kwa mara. Jua limezeeka na kuwa jekundu. Mashine zimesahaulika, miji mikubwa imebaki magofu, na uchawi wa kale umerudi kutawala watu. Mmoja wa watu wa kwanza kuichora dunia hiyo ni Mmarekani Clark Ashton Smith, mshairi maskini aliyeaga dunia mwaka 1961 bila kujua ni wapi hadithi zake zingefika.

Smith alizaliwa tarehe 13 mwezi wa kwanza 1893 huko Long Valley, katika jimbo la California. Baba yake, Timeus, alikuwa mzaliwa wa Uingereza. Mama yake aliitwa Fanny. Mwaka 1902 familia ilipata ardhi juu ya kilima karibu na Auburn, mji mdogo uliozaliwa wakati watu walipokimbilia dhahabu ya California. Baba na mwana walijenga hapo nyumba ya mbao. Haikuwa na umeme wala bomba la maji, na Smith aliishi humo kwa miaka mingi.

Masomo yake shuleni yaliishia kwenye darasa la nane. Sekondari hakusoma. Alibaki nyumbani na vitabu: alisoma kamusi kubwa neno kwa neno, akasoma ensaiklopidia, akajifundisha Kifaransa na baadaye Kihispania. Hadithi za Alfu Lela Ulela na za Edgar Allan Poe alizipenda tangu utotoni.

Mwaka 1911 alianza kuandikiana na George Sterling, mshairi aliyekuwa na jina kubwa California wakati huo. Sterling alimfungulia mlango. Mwaka 1912, Smith akiwa na miaka 19 tu, kitabu chake cha kwanza cha mashairi, The Star-Treader and Other Poems, kilichapishwa San Francisco. Magazeti yalimsifu sana, lakini sifa hazikuleta chakula. Kisha afya ikamsumbua kwa miaka mingi. Alichuma matunda, alikata kuni, alichimba visima, na usiku aliandika.

Mwaka 1922, mwaka uleule alipotoa kitabu cha Ebony and Crystal, alipokea barua kutoka kwa H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha aliyeishi upande wa pili wa nchi. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini waliandikiana miaka 15, hadi Lovecraft alipofariki.

Njaa ndiyo iliyomgeuza mshairi kuwa mwandishi wa hadithi. Mwishoni mwa mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Wazazi wa Smith walikuwa wamezeeka na wagonjwa, na yeye alikuwa mtoto wao wa pekee. Mashairi hayakulipa, ila magazeti ya bei nafuu ya hadithi, kama Weird Tales na Wonder Stories, yalilipa kwa kila neno, hata kama mara nyingine fedha zilichelewa sana. Aliandika hadithi zaidi ya mia moja katika maisha yake, na nyingi kati ya hizo alizimaliza katika miaka mitano au sita tu. Wahariri walimrudishia kadhaa wakiona zina ushairi mwingi mno. Alizirekebisha, akazituma tena, kwa sababu dawa za wazazi zilihitaji kulipwa.

Ni katika kipindi hicho alipobuni Zothique. Waandishi wengi wa hadithi za uchawi waliziweka katika zamani za kale. Waandishi wa mambo ya sayansi walitazama mbele, wakaona vyombo vya angani na mashine. Smith aliunganisha njia hizo mbili. Alichukua wafalme, waganga, mapepo na makaburi ya hadithi za kale, akavipeleka mbele mamilioni ya miaka. Zothique ni bara la mwisho la dunia. Mabara ya leo yamezama na mengine kuinuka, na katika maelezo yake mwenyewe bara hilo linabeba Arabia, Uajemi, India, na hata sehemu za kaskazini na mashariki mwa Afrika. Sayansi na dini tunazozijua zimesahaulika. Watu wanasafiri kwa makasia na matanga, wala hakuna bunduki. Miungu ya kale imerudi kwa majina mapya.

Hadithi ya kwanza ya Zothique ilitoka katika Weird Tales mwezi wa tisa 1932. Inasimulia wachawi wawili wanaofika katika nchi iliyomalizwa na tauni, wakawafufua wafu wake wote, kuanzia mkulima hadi mfalme, ili wawafanye watumwa. Mwisho wake, wafalme waliofufuliwa wanaamka katika akili zao, wanawaadhibu mabwana hao, kisha wanawaongoza watu wao kurudi katika kifo, kwa sababu ndicho uhuru pekee uliobaki kwao. Smith alimaliza hadithi 16 za bara hilo.

Kisha vifo vikafuatana. Mama yake alifariki mwaka 1935. Mwaka 1936 aliondoka Robert E. Howard, mwandishi mwenzake wa Weird Tales. Mwaka 1937 alikufa Lovecraft, na kabla mwaka huo haujaisha, baba yake pia. Kuanzia hapo Smith aliandika hadithi chache sana. Mikono yake ilihamia kwenye mawe laini, akachonga vichwa vya viumbe wa ajabu, akaviuza kwa bei ndogo. August Derleth, kupitia nyumba ya uchapishaji ya Arkham House, alikusanya hadithi zake katika vitabu kuanzia mwaka 1942, ila kwa nakala chache.

Mwaka 1954, akiwa na miaka 61, alimuoa Carol Dorman na kuhamia Pacific Grove, kando ya bahari, ambako alifanya kazi ya kutunza bustani za watu. Nyumba ya Auburn iliungua mwaka 1957. Smith alifariki usingizini tarehe 14 mwezi wa nane 1961. Majivu yake yalizikwa karibu na jiwe kubwa, pale nyumba ya wazazi wake iliposimama.

Mbegu yake ilikuwa imekwisha kuota kwa mwingine. Jack Vance, aliyemsoma Smith tangu utotoni, alitoa The Dying Earth mwaka 1950, kitabu kuhusu wachawi chini ya jua linalozimika. Kutoka kwa Vance, waliotengeneza mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974 walichukua kanuni yao maarufu: mchawi hukariri maneno ya uchawi, na akiisha kuyatumia yanamtoka kichwani. Mwaka 1979 Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi hao, alipoorodhesha waandishi waliompa mawazo, Vance alikuwemo. Smith hakuwemo.

Miaka miwili baadaye, kijitabu cha mchezo huohuo kilichoandikwa na Tom Moldvay, Castle Amber, kiliwapeleka wachezaji moja kwa moja katika Averoigne, jimbo la Ufaransa ambalo Smith alilibuni. Tangu wakati huo vijana wengi wametembea katika nchi zake kwa kutupa dadu. Baadhi yao hurudi nyuma kutafuta vitabu vyake, na leo vinapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote wa uhai wake.