Semboja alishinda vita, akaikosa nchi

Leo tutafakari maisha ya mtawala aliyeishi bondeni, chini ya milima yetu ya Usambara: Semboja wa Mazinde.

Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala Usambaa kwa miaka mingi akiwa Vuga. Alifariki mwaka 1862, na kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, aliyekuwa ndugu wa baba wa mfalme huyo kijana, hakuridhika.

Mazinde ilikuwa kando ya njia ya misafara ya pembe za ndovu. Kwa biashara hiyo Semboja alipata bunduki na baruti, na bunduki zikampa wapiganaji. Akamfukuza Shekulwavu kutoka Vuga. Wabondei nao wakaasi. Ndugu wakapigana na ndugu, na watu ambao mtawala alipaswa kuwalinda wakakamatwa na kuuzwa utumwani pwani.

Semboja alishinda, lakini hakuhamia Vuga. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde karibu na biashara yake. Enzi ya baba yake haikurudi kuwa moja. Alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuitwaa nchi. Mwaka huohuo walimpa kiti cha Vuga Kinyashi, mtoto wa Shekulwavu yuleyule aliyefukuzwa.

Wazee wa Kishambaa husema kuna kuiponya nchi, kuzifya shi, na kuna kuiharibu, kubana shi. Wakubwa wawili wakishindana nguvu, mvua hukosekana na njaa huingia. Biblia nayo yatuonyesha Rehoboamu, aliyechagua ukali akabaki na kipande tu cha ufalme wa Sulemani (1 Wafalme 12). Na Yesu atuuliza mtu atafaidi nini akiupata ulimwengu wote huku akiipoteza nafsi yake (Marko 8:36).

Hapa Dindira, Bungu hata Handeni, hatugombei enzi. Twagombea shamba la marehemu baba, mpaka, miche michache ya kahawa. Wapo walioshinda barazani, na leo hawana ndugu wa kuwazika. Kama una kesi na wa tumbo moja, mtafute leo baada ya ibada, kabla hujashinda.

Bwana atupe moyo wa kuiponya nchi. Amina.